Mguu wa Kuteremkia Kwenye Chai

Watu wa kwetu hawaendi hospitali na nguo za shamba. Elewa hilo kwanza, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Mtu anaweza kuwa anaharisha tangu juzi, na bado atangoja achemshiwe maji, aoge, apakwe mafuta, atolewe ile sweta ya Jumapili kwenye sanduku. Kwa daktari ni kama kanisani, na kanisani hakuingiwi na matope. Nilizaliwa hivyo, nikazeeka hivyo, na kama si mguu ningekufa hivyo.

Naitwa Watiri, lakini wengi huniita Mama Shiro. Naishi juu ya Kiriaini, pale kahawa inapoishia na chai inapoanza, kwenye shamba la marehemu mume wangu Simeon. Mguu wangu wa kulia ulikatwa mwezi wa nane mwaka jana, kiganja kimoja chini ya goti. Usinipe pole, nimepewa za kutosha na nyingine bado sijazifungua. Ilikuwa sukari. Kijiwe kiliingia kwenye gambuti, buti langu la mpira la shamba, na kwa vile sukari ilikuwa imeshaua unyayo, nilichuna chai nacho siku nzima bila kukisikia. Jioni nikavua gambuti nikakuta soksi ina damu. Wiki tatu baadaye mguu ulikuwa mweusi, na daktari akaacha kuniangalia usoni. Nikajua.

Nilipotoka hospitali, shemeji yangu Wamae, ndugu mkubwa wa Simeon, alikuja kunijulia hali. Alileta mkate na kilo mbili za sukari. Mimi mgonjwa wa sukari. Mtu mwingine angefanya hivyo ningemrudishia mlangoni, lakini Wamae ni mzee wa kanisa na ndiye mkubwa wa boma, kwa hiyo nilisema asante, nikamwita Shiro binti yangu aitie kabatini.

Alikunywa chai, akafuta mdomo, akasema, "Mama Shiro, wewe umefanya kazi ya kutosha. Sasa keti. Hiyo chai ya kule chini tuing'oe, tupande mikaratusi."

"Chai gani?"

"Ya mteremkoni. Nani atashuka huko sasa? Watu wa kulipwa wanachuna majani mazee, kwenye kituo cha kupimia yanarudishwa. Wewe mwenyewe umeona. Miti haitaki miguu."

Alisema hivyo kwa upole, na huo upole wake ndio uliniuma kuliko msumeno wa daktari. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Lakini mtu anayekuhurumia utamshika wapi?

Cheti cha shamba bado kiko na jina la baba yao, yeye na Simeon, na shamba halijagawanywa, kwa hiyo Wamae ana neno. Lakini ile chai niliipanda mimi na Simeon mwaka ambao Shiro alikuwa mgongoni. Tulichimba kila shimo kwa jembe tukiwa tumefungwa kamba kiunoni, kwa sababu mteremko ule si wa mchezo. Mbuzi akiteleza juu anaokotwa mtoni. Simeon alipokufa, watu wengine walienda kulia kaburini. Mimi nililia kule chini, kati ya mistari, nikichuna.

"Nitashuka mimi," nikamwambia.

Wamae aliangalia pale ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa.

"Nimesema nitashuka mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyeri wanatengeneza miguu."

"Sawa," akasema, kama mtu anayemkubalia mtoto. "Mvua ya mwezi wa nne ikianza, kama hujashuka ukachuna kikapu kimoja na kukipandisha mpaka kituoni wewe mwenyewe, mimi napanda miti. Ukiweza, sitafungua mdomo juu ya hiyo chai tena."

Nikamwambia, "Rudia, Shiro akusikie." Akarudia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikuwa nimeshavua.

Karakana ya miguu iko nyuma ya hospitali moja mjini Nyeri, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Ndani kunanuka plasta na plastiki iliyochomwa, na miguu imetundikwa ukutani kama sufuria za hoteli. Fundi wake ni msichana wa Meru anayeitwa Kanana, miaka thelathini hivi, ovaroli yake nyeupe kwa vumbi la plasta. Kimeru chake na Kikuyu changu vinasikizana nusu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili.

Mara ya kwanza alinifunga kigutu bendeji ya kuvuta, akanifundisha kuifunga kila siku ili uvimbe ushuke. Mara ya pili, mwezi wa kumi na mbili, alichora alama kwenye mifupa yangu kwa penseli, akanizungushia plasta ya maji, na ilipokauka akaivua kama soksi. Hiyo ndiyo kalibu ya kutengenezea kikombe kitakachoshika kigutu. Mikono yake ilikuwa na nguvu na haikuniogopa. Watu wengi walikuwa wakinigusa kama yai.

Kisha akachukua faili akaanza kuniuliza maswali. Jina, umri, uzito. Na hili moja.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Niko nyumbani tu," nikasema.

Nilisema hivyo bila kufikiria. Uliza mama yeyote wa kwetu, atakwambia hivyo hivyo. Ameamka saa kumi na moja, amekamua ng'ombe, amechuna kilo thelathini, amelima viazi, na ukimwuliza kazi atakwambia yuko nyumbani tu. Kazi ni ya ofisi. Kazi ni ya Shiro, anayeuza kwenye duka la dawa mjini. Kanana akaandika: nyumbani.

Halafu akaweka miguu miwili mezani nichague. Wa kwanza ulikuwa umevikwa sponji na ngozi ya bandia, rangi yangu kabisa, na vidole vyenye kucha. Wa pili ulikuwa bomba la chuma linalong'aa, chini yake unyayo mweusi wa mpira. Shiro alishika ule wa kwanza kama amemwona mtoto mchanga.

"Mum, huu. Hakuna mtu hata atajua."

Mimi mwenye mdomo huu, nikiwa mbele ya ovaroli nyeupe huwa mpole ajabu. Niliitikia kwa kichwa. Nilijiambia mguu ni mguu, na wenye elimu ndio wanajua.

"Sawa," Kanana akasema. "Siku ya kujaribu kuja na viatu vyenye utavaa. Hii mguu inapangwa kufuata kiatu. Usisahau."

Sikusahau. Siku hiyo nilivaa rinda la bluu la Jumapili, na mkononi nikabeba viatu vyangu vizuri kuliko vyote, vile vyeusi vya ngozi nilivyonunuliwa Shiro alipohitimu chuo. Kisigino chake kimepanda vidole viwili. Kanana akauvalisha mguu kimoja, akanisimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akawa anazungusha kispana chake kidogo kwenye kifundo, robo huku, robo kule, mpaka nikasimama sawa. Nikaachia vyuma. Nikatembea. Sitaki kukudanganya, nililia. Nilitembea mpaka mwisho wa chumba na kurudi, na Shiro akinichukua kwa simu na yeye analia, picha yote ikawa inatikisika.

Jumapili iliyofuata niliingia kanisani peke yangu bila magongo. Akina mama walipiga vigelegele. Wamae, aliyekuwa kiti cha mbele na wazee wenzake, alinipa mkono akasema Mungu ni mwema. Nikamwambia ni mwema kweli, na kesho anashuka na mimi kwenye chai. Akacheka kidogo.

Jumatatu hiyo nilitoa gambuti zangu chini ya kitanda. Na hapo mambo yakaanza. Gambuti hutaka kifundo kikunjwe ndipo unyayo upite, na kifundo changu kipya hakikunjiki. Nilisukuma. Nilipaka sabuni. Nilifunga mguu na karatasi ya plastiki ya maziwa ili uteleze, nikaketi chini, nikasukuma tena mpaka jasho likanitoka, mwishowe ukaingia. Nikajifunga nailoni yangu ya kukinga umande kiunoni, nikavaa kikapu mgongoni, nikachukua ile fito ambayo huwa tunalaza juu ya michai ili tujue kimo cha kuchuna.

Tangu uani niliona kuna kitu kibaya. Goti lilikuwa linasukumwa nyuma, kama mtu anayenisukuma kifuani na kuniambia rudi. Nikasema ni uoga. Nikajitukana. Nikafika mwanzo wa mteremko, nikaweka mguu wa bandia kwenye ngazi ya kwanza tuliyochonga na Simeon, na goti likakakamaa, likakataa kujikunja. Sikuanguka polepole. Nilienda na kikapu, na fito, na majina yote ya Mungu ninayoyajua, nikasimamishwa na mstari wa nne.

Wamae alikuwa upande wake akikata majani ya nepia ya ng'ombe. Alikuja mbio. Hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema. Alichuchumaa akanipa mgongo, akanibeba kama msichana wa nasari, akanipandisha mpaka mlangoni, akihema. Aliniweka kitini, akanipangusa majani kwenye nywele.

"Pumzika, Mama Shiro," akasema. "Hakuna mtu atakucheka."

Alipoondoka nililia kwa hasira mpaka kuku wakatoka jikoni. Sikumkasirikia Wamae. Niliukasirikia ule mguu mzuri uliokuwa umelala pale kwenye kiti na kucha zake, haujui chai ni nini. Halafu, nikiuangalia, nikakumbuka maneno ya Kanana. Hii mguu inapangwa kufuata kiatu. Nikachukua kile kiatu cheusi cha ngozi, nikakisimamisha karibu na gambuti. Kimoja kisigino juu, kingine bapa. Nikavilinganisha na kidole. Ala. Kumbe mguu ulifanya vile ulivyoambiwa. Aliyedanganya ni mimi, mimi na viatu vyangu vya Jumapili na "niko nyumbani tu".

Wiki hiyo hiyo nikarudi Nyeri. Sikuoga kwa marashi. Nilivaa sketi yangu ya shamba yenye madoa ya majani, sweta iliyotoboka kiwiko, nailoni kiunoni, kitambaa kichwani, gambuti zote mbili na matope yake. Kikapu mgongoni. Fito mkononi. Shiro alikuwa ananingoja kwenye lango la hospitali, na aliponiona alifunika mdomo.

"Mum, si ungeoga? Watu watatuonaje?"

"Watuone vile tulivyo."

"Kwa hospitali, lakini?"

"Wewe niliyekusomesha na haya matope, unaniuliza hivyo?"

Aliniondolea jani begani. Tulipita kwenye korido ndefu, na wale waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi na sweta zao safi walivuta magoti nyuma. Mama mmoja alishika pua. Nilimsalimia. Nilikuwa natembea vibaya, goti linarushwa nyuma kila hatua, lakini sikuinamisha kichwa hata mara moja, na naona haya kidogo kusema kwamba nilikuwa nafurahi.

Kanana alikuwa anakwangua plasta. Alinitazama kutoka kitambaani mpaka kwenye gambuti, polepole.

"Mama Shiro, umetoka wapi hivi?"

"Nimetoka kazini."

Aliweka kisu chini. Akaenda akatoa faili yangu, akasoma, akaniangalia tena. "Hapa uliniambia uko nyumbani."

"Nilikuambia uongo na sikujua. Mimi ni mchuna chai. Shamba langu limesimama wima kama ukuta. Na kiatu changu ni hiki."

Hakunikemea. Alichukua kalamu, akakata lile neno, akaandika jipya. Kisha akasema nikae, akajaribu kunivua gambuti, akavuta, akavuta, akaegemeza mguu wake kwenye kiti akavuta tena, mpaka akaishia chini na gambuti mkononi. Tulicheka wote watatu.

"Hii tunakata," akasema. Akapasua gambuti kwa nyuma kutoka juu mpaka kisiginoni, akatoboa matundu pande zote mbili, akaifunga na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ikawa inafunguka kama koti. Mguu ukaingia bila vita.

"Sasa hii sponji," nikasema. "Itoe."

Shiro akashtuka. "Mum, utabaki chuma tu."

"Ikinyeshewa itanuka kama mbwa. Umande wa kule chini unafika kiunoni. Itoe."

Kanana alisita. "Kuna kitu lazima ujue kwanza. Nikiipanga kwa gambuti, kile kiatu cha kanisa kitakusukuma mbele, utaanguka na uso. Mguu ni mmoja. Ukitaka nyingine ya pili, kuna foleni, labda mwaka ujao. Kwa hivyo chagua. Ya kanisa ama ya chai."

Hapo ndipo nilichagua mguu. Ile siku ya kwanza, ya miguu miwili mezani, sikuchagua kitu, niliitikia kwa kichwa tu. Niliwaza vile vigelegele. Mimi pia ni mwanamke, napenda kuangaliwa nikipita. Niliwaza rinda langu la bluu, na kwamba nisingevaa tena viatu ambavyo mtoto wangu alininunulia. Iliniuma, sitaficha.

"Kanisani nitaenda na gambuti," nikasema.

Kanana hakunipanga kwenye vyuma. Alinitoa nje, nyuma ya mahali pa kufulia, ambapo kuna ukingo wenye nyasi unaoshuka kwenda kwenye uzio. Akaniweka pale, nusu ya mteremko, na kikapu mgongoni, ndani amekijaza mashuka yenye maji kutoka kwa wale wa kufua. Akapiga magoti kwenye nyasi na kispana chake. Panda. Shuka. Simama. Robo huku. Goti linasemaje? Linasukumwa? Robo tena. Wale wa kufua waliacha mashuka wakaja kuangalia, na kila nikishuka mmoja wao alikuwa ananielekeza kama refa.

"Kushuka, bandia itangulie," Kanana akaniambia. "Kupanda, mguu mzima utangulie. Na kigutu hupungua ukifanya kazi. Ukisikia kikombe kinacheza, keti, vua, ongeza soksi. Usione haya, keti hapo hapo. Jioni kiangalie na kioo, kila upande. Wewe na sukari, kidonda kidogo kikikupita, utarudi hapa tukate juu ya goti. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sema tena nikusikie."

Nikarudia. Huyo msichana angekuwa binti yangu tungegombana kila siku.

Nilifanya mazoezi wiki sita. Kwanza uani, halafu ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano, kikapu kitupu, kisha kikapu na viazi. Nilianguka mara nne, sikumwambia mtu. Jumapili niliosha gambuti, nikazipaka mafuta mpaka zikang'aa, nikaenda kanisani na rinda la bluu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama sikupata viatu, nikamwambia nilipata. Wamae aliangalia bomba la chuma likitokeza juu ya gambuti, kisha akaangalia Biblia yake. Nyuma ya nyumba yake miche ya mikaratusi ilikuwa imeshapangwa kwenye vikaratasi vyeusi vya plastiki, mia tatu hivi, ikingoja mvua.

Ilikuja Jumapili ya pili ya mwezi wa nne, katikati ya mahubiri. Ilipiga mabati mpaka pasta akanyamaza. Wamae aligeuka kwenye kiti chake cha mbele akaniangalia, na mimi nikamwangalia.

Jumatatu kulipopambazuka nilikuwa mwanzo wa mteremko. Udongo ulikuwa umelowa, mwekundu, wa kuteleza. Bandia ikatangulia. Ngazi moja. Nikachomeka fito, nikaleta mguu mzima. Ngazi ya pili. Nilikuwa naogopa, moyo unadunda mpaka kwenye meno, na nilikuwa nasema na Simeon kwa sauti, mambo ya nyumbani tu, ng'ombe gani ana mimba. Nilipofika mstari wa nne, pale nilipoangukia, nilitema mate nikaendelea.

Vidole havikuwa vimesahau. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mkono wa kulia na wa kushoto, unatupa nyuma ya bega bila kuangalia. Mvua ilikuwa imeiamsha chai usiku kucha. Kikapu kilikuwa kimejaa nusu na zaidi wakati kikombe kilianza kucheza. Nikaketi kati ya mistari kama nilivyoambiwa, nikavua mguu, nikausimamisha juu ya mchai, nikaanza kuvaa soksi ya pili.

Hapo ndipo niliposikia sauti juu. Ni Wamae, na vijana wawili wa vibarua wenye majembe na miche. Alikuwa amekuja kusimamia, si kuchimba, kwa hiyo alikuwa na koti, kofia, na viatu vya ngozi vya kanisani vilivyopigwa brashi. Aliona mguu wangu umesimama juu ya chai peke yake, na mimi sionekani.

"Mama Shiro!" akaita, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli. "Kaa hapo hapo, usijisogeze. Nakuja kukubeba."

"Usishuke," nikamwambia kutoka chini ya majani. "Nimekaa tu. Usishuke na hivyo viatu."

Hakunisikia, au hakuzoea kunisikia. Alishuka ngazi ya kwanza. Ya pili ikamwondoa. Alipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa nne, ameketi, koti limepanda mpaka kichwani, akishika kila mchai na kila mchai ukimwachilia, mpaka akakwama mbele yangu hivi, miguu yake miwili mizima imenyooka, kofia imebaki juu. Vibarua waligeuza nyuso kando. Nami sikucheka, na Mungu anajua nilivyojizuia.

Nilivaa mguu. Nikafunga gambuti. Nikasimama, nikamnyooshea ncha ya fito.

"Shika hapa, shemeji. Umeumia?"

"La."

"Basi ngoja hapo. Sijamaliza."

Alingoja. Angefanya nini? Kila akijaribu kusimama viatu vilimtoroka. Alikaa pale kwenye matope akiniangalia nikichuna mistari miwili, na mara moja aliniambia nimeacha kichipukizi nyuma yangu, na kweli nilikuwa nimekiacha. Kikapu kikajaa mpaka mdomoni. Nikakiinua, nikakipachika mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mguu mzima ukatangulia. Nikampa Wamae ncha ya fito ashike nyuma yangu.

"Kanyaga nilipokanyaga," nikamwambia.

Tulipanda hivyo, mimi na kikapu changu mbele, mzee wa kanisa nyuma amening'inia kwenye fito, na kigutu kikiniwaka moto kila hatua. Mara mbili nilisimama. Hakuniambia nipumzike. Alisimama na yeye, akihema, akingoja niamue.

Kituo cha kupimia majani kiko barabarani, hatua mia mbili kutoka kwetu. Karani wake anaitwa Theuri. Alimwaga majani yangu mezani, akayapekua akitafuta majani mazee, hakupata, akayatundika kwenye mizani. Akachukua kalamu. Kwa kuwa aliona mwanamume amesimama hapo na matope yamemjaa suruali yote ya nyuma, akamwuliza yeye.

"Mzee, leo umechuna wewe?"

Wamae aliangalia suruali yake, akaangalia viatu vyake vya ngozi. Alikuwa ameahidi hatafungua mdomo juu ya chai ile tena, na ni mtu wa neno lake, hilo nampa. Akaninyooshea kidevu. Theuri akaandika jina langu.

Vibarua walikuwa wametufuata na miche yao. Mmoja akauliza, "Sasa hii tunapanda wapi?"

"Rudisheni nyumbani," Wamae akawaambia.

Niliketi kwenye benchi la kituo mbele ya watu wote, nikavua mguu wangu wa chuma nikauweka kando, nikatoa kioo kidogo mfukoni, nikaangalia kigutu upande huu na upande ule. Kilikuwa chekundu, lakini ngozi haikuwa imepasuka. Wamae alisimama karibu nami, hajui ashike wapi kofia yake.

"Jumatatu ijayo nashuka tena," nikamwambia. "Ukija, vaa gambuti."